Kulala Shirakawa-go, Kuamkia Gokayama: Mwongozo wa Vijiji vya Mapaa ya Nyasi Milimani Japani

Wageni wengi wanaokwenda Shirakawa-go hushuka kwenye basi saa nne asubuhi, huzunguka na simu mkononi kwa muda wa saa mbili, hununua sumaku ya friji, na kufikia saa tisa alasiri wako barabarani kurudi mjini. Ndivyo ratiba za utalii zilivyopangwa, na picha zao hutoka nzuri tu. Lakini kijiji chenyewe wanakuwa hawajakiona. Kati ya saa nne na saa tisa, Ogimachi, ambacho ndicho kijiji kikuu cha Shirakawa-go, hujaa mpaka watu wanapishana kwa mabega. Wakazi wake ni kama mia tano hivi; wageni kwa mwaka hupita milioni moja.

Mwongozo huu ni wa anayetaka kwenda kinyume na msafara: aingie wakati mabasi ya mchana yanatoka, alale kwa mwenyeji, asubuhi avuke mpaka wa mkoa aende Gokayama, kwenye vijiji viwili vidogo ambavyo kwa maoni yangu ndivyo vitamu kuliko safari yote iliyobaki.

1. Jua kwanza unakwenda wapi

Mto Shogawa unashuka kutoka milima ya katikati ya kisiwa cha Honshu kuelekea kaskazini, na vijiji vimejibanza kando yake pale bonde lilipoacha nafasi. Ogimachi iko mkoa wa Gifu. Suganuma na Ainokura, ambavyo kwa pamoja huitwa Gokayama pamoja na vijiji jirani, viko mkoa wa Toyama. UNESCO iliviweka vyote vitatu kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1995 kwa sababu ya nyumba zake za gassho-zukuri: nyumba kubwa za mbao zenye paa nene la nyasi, lililoinuka kiasi cha nyuzi 60 ili theluji iporomoke yenyewe. Huku theluji ya kina cha mita mbili si habari.

Zamani nyumba hizo zilitapakaa bondeni kote. Mabwawa ya umeme, hasa la Miboro lililokamilika mwaka 1961, yalizamisha vijiji vizima, na waliobaki wengi wakahamia mijini. Mwaka 1971 wakazi wa Ogimachi wakaunda chama chao na kupatana mambo matatu: nyumba haiuzwi, haipangishwi, haibomolewi. Ukilikumbuka hilo utaelewa kwa nini nguo zimeanikwa nyuma ya nyumba unayoipiga picha, na kwa nini bibi mmoja anakutazama kwa jicho la pembeni ukikanyaga bustani yake ya vitunguu. Watu wanaishi humo.

2. Chagua msimu

Januari na Februari ndiyo miezi ya theluji, na ndiyo picha iliyokuleta. Jioni chache za majira hayo kijiji huwashiwa taa za nje, na tangu mwaka 2019 haiingiliki bila kuweka nafasi mapema. Usije ukadhani utafika tu na kubahatisha, utarudishwa njiani. Kwa aliyekulia Tanga au Mombasa, baridi ya huku inahitaji maandalizi ya kweli: viatu vyenye soli ya kushika barafu, soksi za sufu, glavu, na nguo za ndani za kubana mwili. Vyote hivyo ni rahisi kuvipata madukani Japani kuliko kuvisaka Kariakoo au Gikomba, kwa hiyo acha nafasi kwenye begi.

Katikati ya Mei, mashamba ya mpunga katikati ya nyumba hujazwa maji kabla ya miche kupandikizwa, na mapaa huonekana mara mbili, juu na chini. Juni na Julai ni mvua na fukuto. Oktoba ina mambo mawili: majani ya milimani kugeuka mekundu na manjano kuelekea mwisho wa mwezi, na katikati ya mwezi sherehe ya Doburoku kwenye hekalu la Shirakawa Hachiman, ambako pombe ya mchele isiyochujwa hutengenezwa hapo hapo hekaluni na kugawiwa wageni. Asiyekunywa anaweza kufuata ngoma na maandamano tu.

Mimi ningechagua katikati ya Mei au mwisho wa Oktoba, siku ya Jumanne au Jumatano. Ikimbie wiki ya sikukuu inayoanza mwisho wa Aprili hadi siku za mwanzo za Mei, na katikati ya Agosti pia; wakati huo Japani nzima iko safarini.

3. Viza, ndege na fedha

Wenye pasipoti za Kenya, Tanzania, Uganda, Rwanda, Burundi na Kongo wanahitaji viza. Maombi hupitia ubalozi wa Japani unaohudumia nchi unayoishi, na kitu wanachokisoma kwa makini ni ratiba yako ya siku kwa siku pamoja na uthibitisho wa fedha. Andika majina halisi ya mahali pa kulala. Kijiji cha milimani kwenye ratiba hakina tatizo lolote, mradi siku ziungane na mtu aone umetoka wapi kwenda wapi.

Hakuna ndege ya moja kwa moja kutoka Afrika Mashariki. Njia za kawaida ni kupitia Doha, Dubai au Addis Ababa. Japani iko mbele ya saa za Nairobi na Dar es Salaam kwa saa sita. Chukua adapta ya plagi, maana soketi zao ni za miguu miwili bapa na umeme wao ni volti 100; chaja ya simu haina shida, pasi ya nguo inaweza kukugomea.

Fedha taslimu ni muhimu mlimani kuliko mjini. Toa yeni zako Takayama au Kanazawa, miji utakayopitia kabla na baada ya vijiji, kwenye mashine za posta au za maduka yanayokesha, ambazo hupokea kadi za nje. Nyumba nyingi za kulala wageni kijijini na vibanda vya chakula bado wanataka noti.

Saa nazo ziangalie. Ratiba za Japani zimeandikwa kwa saa 24, kwa hiyo basi la 15:00 ni la saa tisa alasiri, na huondoka 15:00 kamili, wala si na dakika mbili.

4. Weka nafasi: kitanda kwanza, basi baadaye

Nyumba za kulala wageni ndani ya gassho ni chache, kila moja ina vyumba vichache, na hujaa miezi kabla. Ndizo ziamue tarehe zako. Nyumba hizi huitwa minshuku: mwenye nyumba anaishi humo humo, anakupikia chakula cha jioni na cha asubuhi, unalala kwenye godoro jembamba juu ya mkeka wa tatami, choo na bafu ni vya pamoja. Bei hutajwa kwa kichwa, si kwa chumba, na huwa na milo miwili ndani yake. Tenga kuanzia yeni 12,000 hadi 20,000 kwa mtu, na zaidi wakati wa baridi kwa kuwa huongezwa gharama ya kupasha joto. Kuta kati ya vyumba mara nyingi ni milango ya karatasi ya kusukuma. Anayekoroma chumba cha pili utamsikia, na wewe watakusikia.

Suala la chakula liseme wakati unaweka nafasi, usingoje kufika. Kwa Mwislamu, nguruwe ni rahisi kuikwepa. Shida ni pombe ya kupikia, ambayo imo kwenye michuzi mingi bila kuonekana. Andika wazi: sili nguruwe, sili nyama isiyochinjwa kihalali, sili chochote kilichowekwa sake au mirin, samaki, mayai, mboga na wali vinanitosha. Baadhi ya wenyeji watakubali, wengine watakataa kwa adabu. Kukataliwa kwa barua pepe kuna nafuu kuliko kukaa mbele ya meza nzuri usiyoweza kuigusa. Kadhalika asiyekula nyama kabisa ataje mchuzi wa samaki, kwa sababu humu supu karibu zote huanzia hapo.

Ukikosa nafasi Ogimachi, jaribu Ainokura, ambako pia kuna minshuku kadhaa. Kusema kweli, kama ingekuwa lazima nichague kimoja, ningelala Ainokura.

Basi sasa. Kutoka Takayama hadi Shirakawa-go ni dakika 50, kutoka Kanazawa ni saa moja na robo au zaidi kidogo, kutoka Nagoya ni karibu saa tatu. Nauli ya Takayama au Kanazawa kwenda tu haifiki yeni 3,000. Baadhi ya safari lazima uweke nafasi, nyingine unapanga foleni tu, na tofauti hiyo imeandikwa kwenye ratiba yenyewe. Soma vizuri.

Ipo pia tiketi maalumu ya wageni inayounganisha Nagoya, Takayama, Shirakawa-go, Kanazawa na Osaka kwa treni na basi, siku tano mfululizo. Kwa njia ninayoieleza hapa inaweza kukulipa kuliko pasi kubwa ya treni ya nchi nzima, ambayo Oktoba 2023 ilipandishwa hadi yeni 50,000 kwa siku saba na haikupandishi basi la kijijini.

5. Fika Takayama, uache mzigo mzito

Kutoka Tokyo panda treni ya kasi hadi Nagoya, saa moja na dakika 40 hivi, kisha treni ya Hida inayopanda kwenye makorongo ya mto kwa zaidi ya saa mbili. Kaa dirishani. Takayama ni mji mdogo wenye mitaa ya zamani ya mbao, na unastahili usiku mmoja kwa haki yake. Asubuhi kuna masoko mawili ya wakulima, moja kando ya mto Miyagawa, jingine mbele ya Takayama Jinya. Jengo hilo la Jinya lilikuwa ofisi ya serikali ya shogun, mtawala wa kijeshi wa Japani ya zamani, iliyolichukua jimbo hili la Hida moja kwa moja mwaka 1692, ikiwinda mbao za misitu yake, na ndilo jengo kuu pekee la aina hiyo lililobaki Japani. Ingia uone ghala la mchele wa kodi.

Kabla ya kuondoka Takayama, fanya jambo moja litakalokuokoa: tuma sanduku lako kubwa moja kwa moja kwenye hoteli yako ya Kanazawa. Huduma ya kutuma mizigo ipo mapokezi ya hoteli na kwenye maduka yanayokesha, na kwa kawaida mzigo hufika kesho yake. Ubaki na begi la mgongoni lenye nguo za usiku mmoja. Sanduku la magurudumu kwenye kokoto za Ogimachi na vilima vya Ainokura ni adhabu ya kujitakia.

6. Ingia Ogimachi saa tisa

Panda basi la mchana. Utapita handaki la Hida lenye urefu wa kilomita 10.7, na ukitokea upande wa pili umefika. Barabara hiyo ilikamilika mwaka 2008, na ndiyo iliyofungua mlango wa mafuriko ya watalii wa siku moja.

Peleka begi kwa mwenyeji kwanza, saa za kupokelewa huanza tisa alasiri. Halafu nenda moja kwa moja Nyumba ya Wada, kiingilio ni yeni 400 hivi, kabla haijafungwa saa kumi na moja. Ndiyo kubwa kuliko zote kijijini. Ukoo wa Wada walikuwa wakuu wa kijiji na wafanyabiashara wa shura, ile chumvi ya kutengenezea baruti, na bado wanaishi upande mmoja wa nyumba.

Humo usikimbilie dirisha la juu. Simama chini karibu na meko, utazame juu. Sakafu za dari zimeachwa na mianya makusudi ili moshi upande hadi kwenye nyasi. Umekausha kamba, umefukuza wadudu, na umepaka kila ubao weusi unaong'aa kama mgongo wa sufuria ya kuni. Panda ngazi. Ghorofa za juu zilikuwa za viwavi wa hariri, waliolishwa majani ya mforosadi, ndiyo maana kuna madirisha makubwa kwenye ncha mbili za nyumba kuingiza hewa na mwanga.

Sasa angalia viungo. Paa zima halina msumari. Makombamoyo yamefungwa kwa kamba za mabua ya mpunga na kwa vijiti vibichi vya kichaka cha milimani, vilivyopondwa na kusokotwa, ambavyo hukaza zaidi vikikauka. Chini kabisa, kila kombamoyo limechongwa ncha kama penseli na kukalishwa kwenye tundu la boriti, bila kufungwa kwa nguvu. Upepo ukivuma au ardhi ikitikisika, paa linacheza kidogo na kurudi. Tafuta pia boriti zilizopinda upande mmoja: ni miti iliyoota kwenye mteremko, theluji ikaikandamiza shina ikiwa michanga, nayo ikainuka na kigongo. Fundi mahali pengine angeitupa. Hapa kigongo hicho ndicho kilichotafutwa, kwa kuwa kinabeba mzigo mkubwa kuliko mti ulionyooka.

Ukitoka nje, utaona nyumba karibu zote zimeelekezwa upande mmoja, ncha kaskazini na kusini. Jua hupiga miteremko yote miwili ya paa kwa zamu na kuyeyusha theluji sawasawa, na upepo wa bondeni hukutana na ubavu mwembamba wa nyumba. Msanifu majengo Mjerumani Bruno Taut alipopita hapa mwaka 1935 alizisifu sana kwa mantiki hiyo, na ulimwengu wa nje ukaanza kuzifahamu.

Nyasi za paa hudumu miaka 30 hadi 40 zikitunzwa, na siku hizi muda huo hupungua kwa sababu meko hayawaki kutwa kama zamani. Kuezeka upya ni kazi ya ujima, nao wana jina lake, yui: zaidi ya watu mia moja hupanda paani na kumaliza upande mmoja kwa siku moja au mbili, na nyumba iliyosaidiwa leo inadaiwa nguvu kazi kesho. Kwa anayetoka kwenye vijiji vya msaragambo hilo halihitaji maelezo.

Moto ndio adui mkubwa. Kuvuta sigara njiani ni marufuku, fataki ni marufuku, na droni usithubutu. Vile vibanda vidogo vidogo vyenye vipaa vyao huficha mizinga ya maji, na kila mwaka wakati wa vuli huifungulia yote kwa pamoja kufanya majaribio, kijiji kizima kikafunikwa na maji yanayoruka. Hakuna mapipa ya taka barabarani. Ulichokuja nacho utaondoka nacho.

Wakati mabasi ya mwisho yanapakia, panda kilima cha magofu ya ngome kuona kijiji kizima kutoka juu. Kwa miguu ni dakika 20 hivi. Mchana kuna basi dogo, lakini huacha mapema alasiri. Majira ya theluji njia ya miguu huweza kufungwa, basi uliza kwanza. Jihadhari na giza: Desemba jua linazama kabla ya saa kumi na moja jioni, na misitu hii ina dubu wa kweli. Ukiona tangazo lenye picha ya dubu, usiingie kwenye kijia ukiwa peke yako.

7. Usiku kwa mwenyeji

Viatu vinabaki mlangoni, vidole vikielekea nje. Kuna ndara za ukumbini, na kuna ndara nyingine za chooni ambazo hazitoki chooni. Kwenye tatami unakanyaga kwa soksi au miguu mitupu. Chumba ni kisafi kiasi kwamba anayeswali hahitaji zaidi ya kujua mwelekeo: kibla kutoka hapa ni magharibi, ukipinda kidogo kaskazini.

Bafu lina utaratibu wake. Unajisugua na kujisuuza nje ya beseni la maji ya moto hadi povu liishe, ndipo unaingia kujiloweka. Maji hayo yanasubiriwa na mwingine. Kwenye nyumba ndogo mara nyingi mnaingia kwa zamu na kujifungia. Kwenye chemchemi ya maji moto ya umma hali ni tofauti: wanaume kwao, wanawake kwao, na wote uchi. Usiyeweza, oga kwa mwenyeji.

Chakula cha jioni ni saa kumi na mbili, na ukichelewa umemkosea mama aliyekipika. Utakuta samaki wa mtoni aliyechomwa mzima kwa chumvi, mboga za porini, uyoga, wali wa kwao, na mara nyingi jani kubwa kavu la hoba juu ya jiko dogo la moto, limepakwa miso (rojo ya soya iliyochachushwa) na vitunguu na kuachwa lichemke polepole mbele yako. Nyama ya ng'ombe wa Hida huwekwa humo pia kwa wanaokula. Sema "itadakimasu" kabla na "gochisosama" baada. Hayo maneno mawili yatakufungulia tabasamu kuliko programu ya kutafsiri.

Baada ya chakula vaa koti utoke. Maduka yamefungwa, hakuna baa, hakuna muziki. Tembea kwenye barabara, usiingie vichochoro vya nyumba za watu, na punguza sauti.

Amka mapema. Kuanzia mapambazuko hadi saa tatu una kijiji. Vuka daraja la kuning'inia la Deai, lile ambalo jana lilikuwa na foleni, ukasimame katikati uangalie maji ya Shogawa. Kifungua kinywa ni saa moja na nusu, rudi kwa wakati.

8. Vuka kwenda Gokayama

Basi la Urithi wa Dunia linatoka Shirakawa-go, linapita Suganuma na kituo cha Ainokura-guchi, na kuishia Takaoka. Safari zake kwa siku ni chache. Piga picha ratiba ukiwa bado kituoni, na panga kila kituo kwa kuanzia basi linalofuata. Ukikosa moja, unaweza kungoja muda wa saa mbili kando ya barabara, na huku teksi hazipiti.

Suganuma ni nusu saa. Nyumba za gassho ni tisa tu, zimekaa kwenye kipande cha ardhi tambarare ambapo mto umejipinda. Kutoka maegesho ya juu kuna lifti inayokushusha hadi kwenye njia ya chini ya ardhi inayotokea kijijini. Saa moja inatosha, ila usipite bila kuingia jumba dogo la makumbusho ya shura.

Habari ya shura ndiyo inayoeleza bonde hili. Watawala wa Kaga, waliokaa Kanazawa, walihitaji baruti na walihitaji ifichwe. Gokayama ilikuwa mbali na macho. Chini ya sakafu, pembeni mwa meko, wenyeji walichimba mashimo na kupanga udongo, kinyesi cha viwavi wa hariri na majani ya porini, wakarutubisha kwa mkojo, na kuyapindua mwaka hadi mwaka. Baada ya miaka minne au mitano udongo huo ulioshwa na kuchemshwa hadi shura ikabaki. Mdudu aliyeleta hariri juu ndiye aliyeleta baruti chini. Biashara ikafa zama za Meiji (1868 hadi 1912), shura ya bei poa kutoka Chile ilipoingia.

Kujificha huko huko ndiko kulikofanya Kaga ipatumie kama gereza. Wafungwa waliletwa ng'ambo ya mto ambako madaraja yalikatazwa. Watu na mizigo walivushwa kwa kikapu kilichoning'inia kwenye kamba.

Panda tena basi hadi Ainokura-guchi, kisha tembea kupanda kwa dakika tano hadi kumi. Ainokura ina nyumba za gassho karibu 20, vishamba vya mpunga vya ngazi, na msitu wa nyuma ambao haukatwi kwa sababu ndio unaozuia maporomoko ya theluji. Angalia milango: huku wengi huingilia upande wa ncha ya nyumba, wakati Ogimachi waliingilia ubavuni. Panda kijia cha juu dakika chache upate mandhari ya kijiji chote.

Kula tofu ya Gokayama, ngumu kiasi cha kufungwa kamba na kubebwa, tofauti kabisa na ile laini ya mjini. Ukitaka kazi ya mikono, kuna karakana za karatasi ya washi ambako unachota ute wa nyuzi kwa chekecheke na kutoka na karatasi yako. Na ukibahatika kufika tarehe 25 au 26 Septemba, shuka kijiji cha Kaminashi kwenye sherehe ya Kokiriko, ambapo wanacheza na sasara, ala ya vibao 108 vilivyofungwa kwa kamba, unayoipinda mkononi ikalia kwa mlio mmoja mkavu.

9. Ukiwa na siku ya ziada au gari

Hida-Furukawa, dakika 15 kwa treni kutoka Takayama, ina mfereji uliojaa samaki wa koi wa rangi, ambao huhamishwa wakati wa baridi. Shinhotaka iko saa moja na nusu kwa basi kutoka Takayama, na gari lake la waya la ghorofa mbili hukufikisha mita 2,156 juu ya usawa wa bahari. Nenda siku ya mbingu wazi tu, vinginevyo utalipia ukungu.

Kwa gari, simama kando ya bwawa la Miboro kuiona miti miwili mikongwe ya cheri ya Shokawa, iliyong'olewa na kuhamishiwa juu mwaka 1960 ili isizame na kijiji chake, na ikashika. Huchanua wiki kadhaa baada ya Tokyo, mwisho wa Aprili au mwanzo wa Mei. Japani huendesha kushoto kama Kenya, Tanzania na Uganda, lakini hutambua leseni ya kimataifa ya Mkataba wa Geneva wa 1949 pekee, kwa hiyo hakikisha yako ni ya mkataba huo kabla ya kulipia gari. Kuanzia Desemba usiendeshe bila matairi ya theluji, na kama hujawahi kuendesha kwenye barafu, panda basi.

Kutoka Ainokura basi linakupeleka hadi Shin-Takaoka, na treni ya kasi kutoka hapo hadi Kanazawa ni kama robo saa. Mzigo wako utakuwa umekwishafika mapokezi. Kanazawa ina msikiti, ina migahawa ya kila aina, na kutoka hapo hadi Tokyo ni muda wa saa mbili na nusu.